Kumbukumbu Iliyotoka Mbeya

"Mama Ezron, hivi ni kweli nesi Felista ndiye anayemnunulia mumeo kumbukumbu?"

Generosa aliuliza hivyo akiwa upande wa pili wa ua wa mabingobingo, mkungu wa ndizi kichwani, na wala hakuutua. Alikuwa jirani wa aina ile: chumvi atakuletea kabla hujaomba, na habari vivyo hivyo. Alisema ameyasikia kwa masikio yake pale zahanati, nesi akiongea na simu, akimwambia mtu wa Mbeya kwamba kumbukumbu ya mwalimu Hezekia ameihangaikia wiki tatu, na kama imepatikana basi asimpe mtu mwingine, ataifuata mwenyewe.

Atupele alikuwa akisuuza kibuyu cha maziwa. Akaendelea kusuuza. "Sijaambiwa," alisema, na yale maji akayamwaga polepole, mbali na miguu yake, kama mtu asiye na haraka na lolote. Generosa alipoona hapewi zaidi ya hapo, akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akaenda zake na mkungu wake.

Ndipo kibuyu kikamponyoka mkononi.

Kwa watu wa Lufingo neno lile halina utani. Mtu akizikwa, mwaka ukapita, hufanyiwa kumbukumbu: kaburi linajengewa, msalaba unasimamishwa, mchungaji anakuja, kwaya inaimba, watu wanakula. Ni kazi ya mjane na ukoo wa mume, basi. Atupele alikuwa amejiandaa. Mchanga wa mtoni ulikuwa umeshamwagwa nyuma ya nyumba. Mifuko ya saruji aliipanga chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala Hezekia, ili isishike unyevu, na mwezi mzima alikuwa akilala na harufu yake puani. Tarehe ilishatangazwa kanisani mara mbili. Sasa aje mwanamke wa Singida amnunulie Hezekia kumbukumbu kutoka Mbeya. Kumbukumbu gani? Jiwe la marumaru? Lenye picha? Na chini ya jiwe aandike limetolewa na nani?

Angekuwa mwanamke mwingine, labda Atupele angecheka. Lakini alikuwa Felista.

Felista aliletwa zahanati ya Lufingo miaka sita nyuma, kazi ya serikali, hana ndugu hata mmoja milima hii yote. Jumapili yake ya kwanza kanisani alikaa benchi la nyuma na kuimba sauti ya pili bila kitabu, na Hezekia, aliyekuwa mwalimu wa kwaya tangu ujana wake, akageuza shingo katikati ya wimbo kutafuta sauti ile inatoka wapi. Atupele aliiona shingo ile ikigeuka. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye aliona mgeni kaja, mwenyeji kaanza kuugua.

Maana Atupele hakujaliwa sauti. Mungu alimpa mikono ya kuchuma chai, alimpa macho, alimpa uvumilivu wa kufunga na kuomba siku tatu bila mtu kujua, lakini wimbo ukiingia kinywani mwake ulitoka umevunjika. Hezekia hakuwahi kumcheka kwa hilo. Hakuwahi pia kumfundisha noti. Karatasi zake zilijaa d na r na m, nukta na mistari, kama njia za siafu, na Atupele alizifuta vumbi miaka thelathini na minne bila kuzisoma.

Kisha ikaja ile kompyuta. Shule moja ilikuwa ikizitoa za zamani, ikampa Hezekia moja kwa kuwafundishia wanafunzi nyimbo. Ilikuwa na kioo cha chogo, kizito kama jiwe la kusagia, na sanduku lake lililokuwa jeupe enzi hizo, sasa rangi ya chai ya maziwa. Hezekia aliiweka sebuleni, pembeni ya kabati la vyombo. Akiiwasha, alikwenda kulisha ng'ombe, akirudi ndiyo kwanza inamalizia kufunguka. "Mzee mwenzangu huyu," alikuwa akisema. "Usimkimbize."

Ndani ya mashine ile alikuwa akiandika nyimbo zake, na aliyemsaidia ni Felista, kwa sababu Felista alijua kompyuta na alijua noti. Alikuja Jumamosi mchana, mlango wazi, watu wakipita wakiwaona. Hakuna baya lililofanyika na Atupele hakudai kuwa lipo. Aliwaandalia chai na ndizi za kuchemsha. Alipotoka jikoni aliwakuta wameinamia kioo. Hezekia aliimba kipande, Felista akajibu kipande, kisha wote wawili wakacheka, na kichekesho chenyewe kilikuwa kwenye zile d na r. Atupele alitua sinia mezani akatabasamu. Mtu anaweza kutabasamu hivyo miaka mitano.

Na hata hayo yote angeyasamehe. Lisilosameheka lilikuwa la hospitali.

Ilikuwa Juni ya mwaka jana, baridi imeshika, Hezekia amelazwa mapafu yamemjaa maji. Atupele alitoka wodini kwenda kupasha uji kwenye jiko la wauguzaji. Alirudi ameukumbatia ule uji ndani ya khanga usipoe, akamkuta Felista aliyekuja kumwona mgonjwa ameinama, sikio lake liko kwenye mdomo wa Hezekia, na midomo ya Hezekia inacheza. Walipomwona wakanyamaza. Wote wawili, kwa pamoja. Felista akasimama, akasema pole mama, akaaga. Atupele akaketi, akachota kijiko, akampa. Hezekia akageuza uso.

"Uji umepoa," alisema.

Haukuwa umepoa. Ulikuwa unatoa mvuke. Na kesho kutwa yake alifariki bila kumwambia mke wake neno lingine lililonyooka.

Basi kwa mwaka mzima Atupele aliishi na swali hilo moja kama punje ya mchanga kwenye jicho: mume wangu aliliambia nini sikio lile? Hakumuuliza Felista. Kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na mke atakirije kwa mgeni kwamba hajui maneno ya mwisho ya mume wake? Aliomba Mungu amwondolee. Alijua vizuri mchungaji anavyohubiri, kwamba husuda huozesha mifupa. Akiamka asubuhi magoti yakimuuma, alijiambia ni baridi ya Rungwe.

Siku ile ya Generosa hakwenda kwa Felista. Alifunga khanga vizuri, akapanda mpaka kwa shemeji yake Yohane, mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa. Akamweleza kwa utulivu kwamba kuna mtu wa pembeni anataka kubeba kumbukumbu ya Hezekia mabegani mwake, na kama ukoo umeridhia basi yeye mjane aambiwe, asije akaaibika mbele za watu. Yohane alishangaa, akakasirika, akasema hilo haliwezekani hata kidogo, na kwamba Jumapili baada ya ibada nesi ataitwa mbele ya wazee.

Akaitwa. Ofisi ya ushirika, pale kanisani, ni ndogo, wazee walikuwa watano, Atupele aliketi pembeni ya dirisha akitazama nje. Felista aliingia bado amevaa joho la kwaya. Yohane alimweleza kwa urefu juu ya mila, juu ya mjane na heshima yake, juu ya mgeni na mipaka ya mgeni, na alipofika kwenye kumbukumbu aliyoifuata Mbeya, Felista akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha karatasi kilichokunjwa, akakikunjua mezani.

"Wazee wangu," alisema, "kumbukumbu yenyewe ndiyo hii."

Ilikuwa kibao chembamba cha kijani, urefu wa kiganja, kimebandikwa vidude vyeusi, na ukingo wake mmoja una meno ya rangi ya dhahabu. Felista akaeleza kwamba kompyuta ya mwalimu ina wimbo wake wa mwisho, ule kwaya inaotaka kuuimba siku ya kujengea kaburi. Walijaribu kuufungua mwezi wa tatu, Mama Ezron mwenyewe alikuwepo, mashine ikagoma na kuandika kwamba kumbukumbu yake haitoshi. Mashine nazo zina kumbukumbu, na ya mwalimu ni ya kizamani, za siku hizi haziingii mdomoni mwake. Ameitafuta mpaka akaipata kwa muuza mizoga ya kompyuta huko Mbeya.

 Mzee mmoja akakinyanyua kile kibao, akakigeuza. "Kumbe ni kama chanuo," alisema.

Yohane ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na wengine wakafuata, wakasema eti tungefanya kikao cha ukoo kwa ajili ya chanuo, eti kaburi la Hezekia tulijengee kwa meno haya. Hawakuwa na ubaya. Felista peke yake hakucheka. Alimgeukia Atupele, akasema kwa upole kabisa, "Mama, mimi ningeanzia wapi kukujengea kaburi la mumeo?"

Afadhali angecheka. Kicheko Atupele angekijibu. Upole ule ulimwingia kama mwiba wa samaki, hautoki wala haushuki. Mezani kiliendelea kulala kile kibao, na aliona ni kweli kwamba mwanamke huyu kamnunulia mume wake kumbukumbu, waite chanuo, waite watakavyo.

Kukataa mbele ya wazee hakuweza. Akatoa masharti. Kazi ifanyike nyumbani kwake, mchana, yeye akiwepo. Na kumbukumbu ya zamani itakayotolewa mle ndani apewe yeye mkononi, isiondoke na mtu.

Alhamisi yake alikuja fundi Nelson kutoka Tukuyu mjini, mtu mzima mwenye masharubu yenye mvi, aliyeanza na redio za mbao na sasa hutengeneza simu za wajukuu wa wenye redio zile. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na mwanzo wala mwisho, na sebule ilikuwa na giza mpaka Atupele akawasha taa. Felista alikuja nyuma ya fundi, mwavuli mkononi, ameomba ruhusa kazini. Akavua viatu mlangoni. Atupele akawapa viti, yeye akachukua kigoda na ungo wa maharage, akakaa mahali anapoona kila mkono.

Fundi alikifungua kile kisanduku ubavuni, akapuliza. Vumbi la miaka likatoka, na buibui mmoja. "Huyu naye alikuwa mwanakwaya?" aliuliza, na Felista akacheka. Atupele alichambua maharage. Fundi akaonyesha mahali: humu kumbukumbu zilikuwa mbili, mama, moja imekwisha kuungua, imebaki moja inabeba mzigo wa mbili, ndiyo maana inaishiwa nguvu. Akazichomoa zote. Kile kibao cha Mbeya akakisugua meno yake kwa kifutio cha wanafunzi, polepole, kama mtu anayemsugua mtoto masikio siku ya ubatizo, kisha akakisukuma mahali pake mpaka kikalia, ta.

"Zangu," alisema Atupele, akanyoosha mkono.

Fundi akampa vibao viwili vya zamani. Vilikuwa vyepesi, kama havina kitu. Akavifunga kwenye pindo la khanga.

"Utavifanyia nini, mama? Hivyo ni takataka sasa."

"Ni vya mume wangu. Mambo yake si yamo humu?"

Fundi Nelson alikuwa mtu mwema, hakucheka. Alimwuliza kama anachuma chai. Atupele akasema anachuma. "Basi hiki ni tenga," fundi alisema. "Unachuma, unatupia mgongoni, tenga linajaa. Lakini hiyo bado si chai yako mpaka ufike kwenye mizani, ipimwe, iandikwe. Ukianguka njiani kabla ya mizani, majani yamemwagika, umechuma bure. Tenga halikumbuki kitu. Kwenye mashine hii mizani ni ile diski pale chini, nyimbo za mwalimu zote zimepimwa zimo mle. Tenga linashika kile unachofanya sasa hivi tu, tena umeme ukiwepo. Umeme ukizima, limemwagika."

Atupele alielewa. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kitu cha kompyuta akaelewa namna ile. Hata hivyo pindo la khanga hakulifungua.

Mashine iliwashwa, ikalia mlio mmoja, ikafunguka. Safari hii hata ng'ombe asingewahi kulishwa. Fundi akafurahi, akakusanya bisibisi zake, akamwambia Felista ahifadhi kazi mara kwa mara maana umeme wa huku anaujua, akanywa chai yake amesimama na kuondoka na bodaboda iliyokuwa ikimsubiri mvuani.

Wakabaki wawili.

Felista alivuta kiti. Hakutafuta. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali wimbo ulipo, kama mtu anayejua mlango wa chumbani usiku, na kioo kikajaa njia za siafu. Juu yake kuliandikwa BADO 7. Atupele aliweza kusoma hilo, akauliza ni nini. Felista akasema mwalimu alikuwa na kawaida hiyo, wimbo usiokwisha aliuita Bado mpaka uishe ndipo upate jina. Huu ulikuwa wa saba.

Miaka thelathini na minne, na kawaida hiyo Atupele alikuwa anaisikia leo.

"Wewe unauona wote hapo?" aliuliza.

"Ninauona, mama."

"Unausikia?"

Felista alifikiri kidogo. "Ndiyo. Nikisoma nausikia kichwani. Kama mtu akisoma barua ya mtu anayemfahamu."

Atupele alirudi kwenye maharage yake. Felista akaanza kuandika. Alikuwa akiandika, anasimama, anafumba macho, kidole kinapigapiga ukingo wa meza, midomo inacheza bila sauti, kisha anaandika tena. Ikapita saa nzima, ikapita ya pili. Atupele aliisikia mvua juu ya bati na aliusikia ule ukimya wa mwanamke mwingine akiwa na mume wake mbele ya macho yake. Alikuwa amekusudia kunyamaza. Aliomba kimoyomoyo apewe kunyamaza. Lakini kile kidole kinachopigapiga alikuwa amekwisha kukiona mahali, na mahali penyewe palikuwa kwenye chuma cha kitanda cha hospitali.

"Nesi. Si umesema wimbo umo mle? Sasa unaandika nini?"

"Mwisho wake," alisema Felista bila kugeuka. "Mwisho haumo. Mwalimu alikuwa hajauandika." Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto. "Alinipa kule hospitali, mama. Siku ile ulipokwenda kupasha uji. Alikuwa hana pumzi ya maneno, ana pumzi ya noti tu. Akaninong'onezea zote, sauti zote nne, akaniambia shika. Nimezishika mwaka mzima. Nilikuwa naogopa nitasahau. Nikiwa zamu nilikuwa naziimba moyoni, nikidunga watu sindano."

Hivyo ndivyo jibu lilivyokuja, limetembea lenyewe mpaka kwenye kigoda chake. Halikuwa neno la mapenzi. Haikuwa siri, haikuwa dhambi. Atupele alingoja moyo utulie, maana ndilo alilokuwa akiliombea. Haukutulia. Angekuwa amemwambia Felista nakupenda, Atupele angejua la kufanya, angemshitaki kwa Mungu na kwa wazee, angemlilia. Lakini Hezekia alikuwa na pumzi chache zimebaki, zinahesabika, akatazama huku na huku nani wa kumwachia, akampa anayejua kuzishika. Mke akabakiziwa uji.

"Hakusema neno lingine?" aliuliza.

"Hakusema, mama."

"Hata juu yangu?"

Felista aligeuza macho kwenye kioo. "Alikuwa amechoka sana," alisema.

Atupele akaitika kwa kichwa. Akauliza kama kazi imekwisha. Felista akasema imekwisha sasa hivi, imebaki kupimisha tu kwenye mizani, na akatabasamu, ule mfano wa fundi ulikuwa umempendeza na yeye. Lakini kabla ya hapo, alisema, angependa Mama Ezron ausikie. Kabla ya kwaya, kabla ya mchungaji, kabla ya mtu yeyote. Ni haki yake. "Sogea karibu, mama. Nikuimbie."

Akaimba. Hakupaza sauti. Ulianzia chini, ukapanda taratibu, ukafika mahali ukasimama, kama mtu apandaye mlima wa kwetu na kutua mzigo kidogo apumue, kisha ukapanda tena. Na Atupele, asiyejua d wala r, alimjua. Alikuwa ni Hezekia. Ndivyo alivyokuwa akipanda kutoka mtoni, ndivyo alivyokuwa akisimama penye ule mparachichi, anageuka nyuma kuangalia kama mkewe anafuata. Alikuwa pale sebuleni, mzima, mwenye kupumua, na alikuwa anatokea kwenye koo la Felista. Atupele alikuwa anapakuliwa mume wake kwenye sahani ya mwanamke mwingine, na anaambiwa karibu, ni haki yako.

Alisimama. Ungo wa maharage akautua sakafuni. Akapita nyuma ya kiti cha Felista, akaenda mpaka kwenye kabati la vyombo, pale soketi ilipo, na Felista alidhani anakuja karibu, akazidi kuimba. Swichi ni ndogo. Haihitaji nguvu.

Kioo kilinywea katikati kikawa nukta nyeupe, na nukta ikafa. Feni iliyokuwa ikivuma ndani ya sanduku ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Wimbo ulikatikia mahali palepale pa kupumzikia, kabla ya kupanda tena.

Atupele alijaribu kuushika. Alizipata sauti tatu za mwanzo, labda nne. Ya tano ilimvunjikia.

"Umeme umekatika," alisema. "Umeme wa huku, nesi, hauna adabu."

 Felista alikitazama kioo cheusi. Kisha akainua uso taratibu, akaitazama taa ya darini iliyokuwa inawaka juu ya vichwa vyao wote wawili, haina habari. Akateremsha macho kwenye soketi, na kwenye mkono wa Atupele uliokuwa bado haujaondoka pale.  Midomo yake ilicheza kidogo, bila sauti, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu chake bado kipo mfukoni.

"Utauandika tena," alisema Atupele. Alitaka iwe amri. Ilitoka kama kuomba, na yeye mwenyewe aliisikia. "Siku ya kujengea kaburi si bado. Nesi. Si umeushika?"

Felista alisukuma kiti mahali pake chini ya meza. Alikichukua kile kitambaa cha kufumwa ambacho Hezekia alikuwa akifunikia mashine, akakitandaza juu ya kioo, akakinyoosha pembe zote nne. Akavaa viatu vyake mlangoni, akafungua mwavuli, akatoka.